SPARCstation 5 imegoma kuwaka kutoka kwenye diski, na ndani kuna vipimo vya mvua vya miaka saba

Tonetone

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo. Nyuzi nyingi za mashine kongwe hufa mapema kwa sababu mwenye tatizo kaandika mstari mmoja tu, watu wakakosa pa kushika.

Nina Sun SPARCstation 5, lile boksi bapa la kijivu, prosesa ni microSPARC-II ya 85 MHz. Ilikuwa ya marehemu mwalimu wangu. Tangu 1994 hadi 2000 alipima mvua kila asubuhi na kuingiza kipimo humo kwa mkono wake, akitumia programu aliyoiandika mwenyewe. Madaftari yake mengi yameliwa na mchwa. Kilichosalia, kama kimesalia, kimo kwenye diski hii. Familia yake wamenikabidhi wakaniambia nijaribu.

Skrini na kibodi yake sina. Nimeunganisha laptop kwenye tundu la serial A kwa kebo ya null modem, kasi 9600, biti 8, bila pariti. Nikiwasha inajipima kwa muda mrefu, kisha inaleta hivi:

Incorrect configuration checksum;
Setting NVRAM parameters to default values.
Setting diag-switch? NVRAM parameter to true

Baada ya hapo inarudia mstari mmoja bila kuchoka:

Timeout waiting for ARP/RARP packet

Kuna mtu ameshanishauri nipige fomati niweke mfumo upya. Nimekataa. Nianzie wapi?

NyayaTupu

Pole sana, na umefanya vizuri kukataa. Usiruhusu mtu yeyote aandike hata baiti moja kwenye diski hiyo. Ngoja Mzee wa Ok aje, mashine hizi amezeeka nazo.

Mzee wa Ok

Nimefika. Mwanangu, hiyo mistari uliyoinakili imebeba nusu ya jibu, tuisome pamoja.

Mashine yako haijaigusa diski bado. Inatafuta seva kwenye mtandao. ARP/RARP ni mashine kupiga kelele mtandaoni ikiuliza "anwani yangu ni ipi?", na kwa kuwa hakuna wa kumjibu, inarudia. Kwa hiyo mpaka sasa hatuna ushahidi wowote kwamba diski ni mbovu. Wengi hukosea hapa hapa: wanaona mashine haiwaki kutoka kwenye diski, wanaihukumu diski, wanaing'oa na kuitupa, kumbe haikuulizwa lolote.

Kwa nini inaenda mtandaoni? Kwenye bodi kuna chipu ya M48T08 yenye pini 28, imekaa kwenye soketi, ina mgongo mrefu kuliko zenzake. Humo mna saa, kumbukumbu ndogo ya mipangilio, na betri ya lithiamu iliyofunikwa kwenye plastiki hiyo hiyo. Betri ile ilitengenezwa idumu kama miaka 10. SPARCstation 5 ilitoka 1994, hesabu mwenyewe. Betri ikifa mipangilio inapotea, mashine inarudi kwenye mipangilio ya asili na kuwasha diag-switch?, na diag-switch? ikiwa imewashwa mashine huacha kifaa cha boot-device na kufuata cha diag-device, ambacho ni net. Ndiyo hiyo kelele unayoiona.

Humo pia ndimo ilimokuwa anwani ya Ethernet na namba ya mashine, hostid. Andika banner uone. Nahisi utakuta anwani yote ni ff.

Sasa fanya hivi. Ikiwa inarudia ARP/RARP, tuma BREAK kutoka kwenye programu yako ya terminali (mwenye kibodi ya Sun angebonyeza Stop-A). Utapata ok, alama ya kwamba mashine inangoja amri. Andika:

set-defaults
setenv diag-switch? false
setenv auto-boot? false
8 0 20 c0 ff ee c0ffee mkpl

Mstari wa mwisho ukibonyeza Enter, ok haitarudi. Usishtuke. Bonyeza Control-D kisha Control-R. Hapo umeipa mashine anwani ya muda, 8:0:20:c0:ff:ee, na hostid inayoishia na c0ffee. Itadumu mpaka uzime umeme, maana betri imekufa. Andika reset, na ikirudi kwenye ok:

probe-scsi

Amri hiyo inaviuliza vifaa vyote vilivyo kwenye SCSI, njia inayounganisha diski na CD. Utuletee kila kitakachoandikwa, hata kama unaona hakina maana.

Tonetone

MREJESHO WA KWANZA

Mzee, shikamoo. Anwani ilikuwa ff:ff:ff:ff:ff:ff kama ulivyosema. Nimefuata hatua zote, na mkpl ilikubali mara ya pili. Mara ya kwanza nilikosea nikaandika sifuri mbili.

probe-scsi imeleta Target 3, Unit 0, Disk, na mwisho wa jina lake kuna maandishi SUN1.05. Pia Target 6, ni CD. Nilifurahi nikadhani tumemaliza. Nikaandika boot disk:

Can't read disk label.
Can't open boot device

Nimerudia mara tatu. Sasa je, ni kebo?

NyayaTupu

Ingekuwa kebo, au ID zimegongana, au temineta haipo, probe-scsi isingekupa jina safi namna hiyo. Ungeona namba 3 haipo kabisa, au kifaa kimoja kimejitokeza kwenye kila Target, au mashine inaganda katikati ya kuuliza. Kwenye SPARCstation 5 diski za ndani zinaingia moja kwa moja kwenye kiti cha pini 80, ID inatoka kwenye kiti chenyewe: 3 ni ya kwanza, 1 ni ya pili, CD ni 6. Hakuna jampa ya kukosea hapo. SUN1.05 inamaanisha ni ile ya GB 1.05.

Mimi naamini tatizo liko ndani ya diski. Umeisikiliza?

Bi Terminali

Naongezea kwa NyayaTupu, kwa sababu hapa pana jambo ambalo wengi hawalielewi.

Diski ina sehemu mbili zinazoweza kufa kila moja kivyake. Kuna bodi yake ya elektroniki, na kuna sahani na vichwa vya kusomea. Swali la probe-scsi ni "wewe ni nani?" tu, na mara nyingi bodi inaweza kujibu hilo hata kama sahani hazizunguki kabisa. Lakini boot disk inataka sekta ya kwanza, sekta 0, ambako lebo ya diski imeandikwa. Hiyo lazima isomwe kutoka kwenye sahani. Jina limekuja, lebo haikuja: bodi ni hai, sahani zimegoma.

Dada Tonetone, fungua kifuniko, zima feni kwa sikio lako kama unaweza, yaani sogea karibu sana, au weka ncha ya bisibisi ya mpini wa mbao kwenye ubavu wa diski na mpini sikioni. Washa. Tuambie unasikia nini katika sekunde kumi za kwanza.

Tonetone

Nimefanya kwa bisibisi. Kuna mlio mfupi kama mtu anavuta pumzi ili aseme kitu, halafu "tk". Kimya. Baada ya kama sekunde tatu unarudia: pumzi, "tk", kimya. Mara nne, kisha inaacha kabisa. Ule mlio wa kupanda taratibu mpaka kuwa mluzi haupo.

Bi Terminali

Basi ni mkwamo wa vichwa. Diski za zama hizo zikizimwa, vichwa hutua juu ya sahani zenyewe, kwenye ukanda wa kupumzikia. Sahani ni laini kama kioo na zina utando mwembamba wa mafuta. Zikikaa miaka bila kuzunguka, kichwa na sahani vinashikana kama vioo viwili vyenye maji katikati. Mota inavuta, haina nguvu ya kuwabandua, inakata tamaa.

Usiipige. Najua atakuja mtu aseme igonge kwa mpini wa bisibisi. Kugonga kunapeleka nguvu wima, kichwa kinaruka na kushuka juu ya sahani, na kinaweza kuikwaruza au kuumia chenyewe. Unachotaka ni mzunguko. Itoe diski, ishike kwa mikono miwili ikiwa bapa, na uizungushe kwa ghafla kwa kifundo cha mkono, kulia kisha urudishe, kama unafungua kifuniko kigumu cha chupa kubwa. Robo mzunguko tu, lakini wa ghafla, kwenye mlalo ule ule wa sahani. Sahani ndani zina uzito, zinabaki nyuma kidogo, na vichwa vinaachia. Mara tano au sita, kisha jaribu umeme.

Lakini kabla hujafanya, soma ujumbe unaofuata wa Mzee, maana namwona anaandika.

Mzee wa Ok

Ndiyo, naandika, na nisikilize vizuri mwanangu.

Diski hiyo ikizunguka, usiirudishe kwenye Sun ukaandika boot. Najua hamu uliyonayo. Solaris, mfumo endeshi wa Sun, ikiwaka inaandika: inaandika kumbukumbu zake, inabadili tarehe za faili, na ikikuta mfumo wa faili haukufungwa vizuri inaendesha fsck na kuanza kurekebisha. Kurekebisha juu ya sekta zinazokufa ni kuharibu. Mzunguko huo unaweza kuwa wa mwisho katika maisha ya diski hiyo, na ukiutumia kuona tu kama mashine inawaka, utakuwa umeutumia vibaya.

Tafuta PC yenye Linux na kadi ya SCSI, na adapta ya kugeuza pini 80. Angalia jampa kwenye adapta: ID iwe tofauti na ya kadi (kadi huwa 7), na ile ya kuchelewesha mota isiwekwe, ama sivyo diski itasubiri amri ya kuanza nawe utadhani imekwama tena. Andaa kila kitu kwanza. Adapta imekaa, nafasi ya kuhifadhi ipo, amri umeshaziandika kwenye karatasi. Ndipo uizungushe.

Tutatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Amri ya kwanza ni ya kuchukua kilicho rahisi haraka:

ddrescue -n /dev/sdb diski.img diski.map

Ya pili inarudi kwenye sehemu ngumu tu, kwa sababu diski.map inakumbuka zilipo:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map

Hakikisha mara mbili kwamba sdb ndiyo diski yenyewe. Ukikosea jina utanakili diski nyingine, na hii itakuwa inazunguka bure.

Sahani Tatu

Nimeweka kambi hapa. Samahani kwa kuingilia, nina SGI Indy, mashine kongwe ya kampuni nyingine, inayosema haipati sash, kiprogramu chake cha kuwashia. Je, ni ugonjwa ule ule?

Mzee wa Ok

Ndugu yangu, njia ni ile ile ila majina ni mengine. Ingia kwenye monita ya PROM, programu iliyomo kwenye chipu ya bodi inayoanza kabla ya diski, andika hinv uone kama diski inatajwa. Ikitajwa, jua kwamba sash haikai kwenye mfumo wa faili wa kawaida, inakaa kwenye volume header, ambayo ni sehemu ya 8, yaani dksc(0,1,8). Ikiwa diski inatajwa na sash haipatikani, header ndiyo ya kuchunguza. Fungua uzi wako nitakuja, huu tumwachie Tonetone.

Tonetone

MREJESHO WA PILI

Nimechelewa kwa sababu adapta nilisubiri wiki mbili. Nilisubiri kweli, sikuigusa diski.

Bi Terminali, niliizungusha mara sita. Nikaunganisha, nikawasha: "tk", kimya. Nikazima, nikaizungusha tena mara nne, safari hii kwa ghafla zaidi. Nikawasha. Ule mluzi ulianza chini kabisa, ukapanda, ukapanda, ukatulia. Nilikaa chini sakafuni nikausikiliza kama dakika nzima kabla ya kubonyeza Enter.

Pasi ya kwanza imemaliza bila kukwama sana. Ya pili ilikaa muda mrefu sehemu mbili. Mwisho wake: diski nzima imesomeka isipokuwa sekta tisa. Nane ziko mwanzo kabisa, kati ya sekta ya 4 na ya 11. Moja iko mbali ndani. Diski nimeiacha inazunguka, sijazima.

NyayaTupu

Mungu akubariki kwa subira hiyo.

Swali: mbona tunahangaika kuiwasha Sun? Linux inasoma UFS, mfumo wa faili wa Sun. Kama kerneli yako inatambua lebo za Sun, fungua ile nakala kwa kusoma tu:

losetup -rP --find --show diski.img
mount -t ufs -o ro,ufstype=sun /dev/loop0p8 /mnt

Sehemu ambayo Solaris inaiita s7, Linux inaiita p8, maana moja inaanza kuhesabu na sifuri na nyingine na moja.

Tonetone

Imefunguka. Faili zipo. mvua.94, mvua.95, mpaka mvua.00. Nimezinakili sehemu tatu tofauti kabla ya kuendelea kuandika hapa.

Kila mstari ni herufi 15 na alama ya mwisho wa mstari: tarehe, milimita, na herufi moja. Nimehesabu mistari kwa wc -l. 94 ina 365. 95 ina 365. 96 ina 366, na hapo ndipo nilipoamini, kwa sababu 1996 Februari ilikuwa na siku 29 na mwalimu hakuiruka. 98, 99, zote 365. 00 ina 366.

97 ina 333.

Bi Terminali

Siku 32 pungufu. Mistari ya baiti 16, sekta ya baiti 512: 512 kwa 16 ni 32. Ni ile sekta moja iliyoko mbali ndani. Imekaa katikati ya faili hiyo na ddrescue imeacha sifuri mahali pake. Tafuta zilipoanzia.

Tonetone

Mstari wa mwisho kabla ya pengo ni tarehe 8 Mei. Wa kwanza baada ya pengo ni tarehe 10 Juni. Ndiyo, siku 32 kamili.

NyayaTupu, kuhusu swali lako la kuiwasha Sun. Ile herufi moja mwishoni mwa mstari inaonyesha alitumia chombo kipi cha kupimia. Vyombo vyake vilikuwa vinne na kila kimoja kilikuwa na kosa lake, na masahihisho yamo ndani ya ile programu. Chanzo chake sijakiona popote kwenye diski, ipo programu iliyokwisha kutafsiriwa kwa SPARC tu. Bila mashine hii nina milimita mbichi. Nataka iwake.

Mzee wa Ok

Basi tuiwashe, kwa nakala. Una diski nyingine ya pini 80?

Tonetone

Ninayo moja ya GB 2.1, nzima. Nimeandika diski.img juu yake kwa dd, nimeiweka kwenye kiti cha ID 3, nimerudia mambo ya mkpl. Lebo sasa inasomeka! Lakini:

The file just loaded does not appear to be executable.

Mzee wa Ok

Nilikuwa nautarajia ujumbe huo tangu uliposema sekta ya 4 hadi 11.

Fikiria mwanzo wa sehemu ya s0 kama mlango wenye hatua tatu. Sekta 0 ni lebo. Sekta 1 hadi 15 ni bootblk, kiprogramu ambacho PROM inakipakia bila kujua chochote kuhusu faili. Chenyewe ndicho kinachojua kusoma UFS na kutafuta kerneli. Sekta 16 ndipo superblock, muhtasari wa mfumo wa faili, ilipo, na kuanzia hapo ni mfumo wa faili wenyewe. Sekta zako nane zilizokufa zote zimeangukia kwenye bootblk, na sasa mahali pake pana sifuri. PROM imepakia, imekuta si programu, imekataa. Kama ule ukucha wa kifo ungesogea sekta tano mbele tungekuwa tunatafuta superblock ya akiba, fsck -o b=32. Haukusogea.

Bootblk haina chochote cha mwalimu wako, ni ile ile kwa kila mashine ya aina hiyo, kwa hiyo tunaiweka mpya. Tafuta CD ya Solaris ya toleo lile lile lililoko kwenye diski. Kiendeshi cha CD lazima kijue kutoa vipande vya baiti 512. Vile vya PC vya kawaida vinatoa 2048 na mashine hizi za zamani zinavikataa. Kile cha ndani cha Sun kinafaa. Kisha:

boot cdrom -s
installboot /usr/platform/`uname -i`/lib/fs/ufs/bootblk /dev/rdsk/c0t3d0s0
fsck /dev/rdsk/c0t3d0s0
fsck /dev/rdsk/c0t3d0s7

Angalia ni rdsk, na ni s0. Hapa fsck naikubali kwa moyo mmoja kwa sababu ni nakala.

NyayaTupu

Na kama nenosiri la root halijulikani, ukiwa bado humo kwenye CD: mount /dev/dsk/c0t3d0s0 /a, weka TERM=sun kama uko kwenye skrini yake au vt100 kama uko kwa serial, fungua /a/etc/shadow, futa kilichomo kati ya nukta pacha ya kwanza na ya pili kwenye mstari wa root. Familia wamekupa mashine, una haki hiyo.

Tonetone

MREJESHO WA TATU

Toleo ni 2.6. CD imepakia polepole sana lakini imefika. installboot haikusema neno, nikaogopa, kumbe ndivyo inavyokuwa ikifaulu. fsck ya s0 ilikuwa safi. Ya s7 iliuliza maswali mawili, nikajibu y.

Nikaandika reboot. Nikaona SunOS Release 5.6, nikaona anwani ya c0:ff:ee, nikaona jina la mashine alilolichagua mwalimu, kisha login.

Jambo ambalo sikulitegemea: kwenye /var/adm/messages kuna mstari wa kuwaka kwa zamani unaosema Ethernet address = 8:0:20 na zile namba tatu halisi za mashine hii. Nimeziandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kifuniko.

Bi Terminali

Hongera sana dada. Kwa namba hizo unaweza kuirudishia mashine anwani yake ya kweli, badala ya ile ya kuazima. Usisahau betri, ama sivyo kila ukiwasha utaimba ule wimbo wa mkpl.

Tonetone

Betri nimeshughulika nayo leo. Nilichomoa M48T08 kwenye soketi taratibu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, bila kuikunja pini. Nikakwangua plastiki ya mgongoni mpaka vikaonekana vipande viwili vya chuma vinavyotoka kwenye betri. Nilipima: voti 0.4. Nikakata vile vipande ili betri iliyokufa isiendelee kunyonya, nikalehemu nyaya mbili kwenda kwenye kikalio cha CR2032, chanya kwa chanya. Voti 3.1. Nikaingiza anwani halisi, nikazima umeme usiku kucha, asubuhi banner imeitaja bila kukosea, na saa inatembea.

Wengine watakaopita hapa: kata kwanza betri ya zamani, usiiunganishe mpya sambamba nayo.

Programu ya mwalimu inafanya kazi. Inasoma mwaka mzima, inasahihisha kwa chombo, inatoa jedwali. Ikifika mvua.97 inasimama kwenye pengo na kukataa kuendelea. Jumla ya mwezi Mei aliiandika pembeni kwenye faili lingine, kwa hiyo Mei kwa ujumla ninayo. Siku zenyewe sina.

Sahani Tatu

Na ile diski ya awali bado inazunguka?

Tonetone

Bado. Sijaizima tangu siku ile. Nimeiwekea feni.

Mzee wa Ok

Basi usiizime. Ijaribu kwa kurudi nyuma. Kichwa kikiijia sekta kutoka upande mwingine, mara nyingine kinatua tofauti kwa unywele mmoja na kusoma kile kilichokataa:

ddrescue -d -R -r20 /dev/sdb diski.img diski.map

Itashughulika na zile sekta tisa tu, nyingine haitazigusa. Zile nane za bootblk hazitudai tena. Tunaisubiri moja. Iache usiku, usikae kuitazama.

Bi Terminali

Na ukimaliza usiandike juu ya nakala tuliyoiwasha. Toa lile faili moja tu kwenye img.

Tonetone

Saa kumi na moja alfajiri. Ramani inaonyesha sekta nane zilizobaki, zote za mwanzoni. Nimefungua img upya, nimeandika wc -l mvua.97.

365

Nimefungua mstari wa 129. Tarehe 9 Mei, chombo B. Programu inazisahihisha sasa hivi hapa pembeni yangu.